Jumanne: Kiunzi Kisichoonekana

Soma Zaburi 139:13–16 na 2 Wakorintho 4:16. Je, mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu kazi ya Mungu isiyoonekana kwa macho?

Daudi alistaajabia jinsi alivyoumbwa tumboni mwa mama yake. Leo hadubini inatuonyesha kwamba kila seli ya mwili ina kiunzi chake, kilichofanyizwa kwa nyuzi za protini za aina tatu. Nyuzi za aktini huipa seli umbo na kuiwezesha kusogea. Nyuzi za kati huiimarisha isichanike inapovutwa. Vijibomba vya tubulini, vyenye upana wa nanomita 25 hivi, ni kama reli: juu yake protini iitwayo kinesini hubeba mizigo. Katika seli ya fahamu itokayo kwenye uti wa mgongo hadi mguuni, safari hiyo yaweza kufika mita 1.

Vijibomba hivyo hubomolewa na kujengwa tena kila mara. Seli inapogawanyika, hupangwa upya ili kutenganisha kromosomu. Vinkristini, dawa inayotumika kutibu saratani ya damu kwa watoto, huzuia ujenzi huo, na seli za saratani hushindwa kugawanyika. Lakini reli za seli za fahamu nazo huathirika, hata mgonjwa aweza kufa ganzi vidoleni. Ganzi hiyo si dalili ya imani haba. Mgonjwa huyo ahitaji mkono wa kumshika, huku Mungu akimfanya upya kwa ndani siku kwa siku.

Ni nani kanisani kwenu anayepitia matibabu mazito? Darasa lenu litamsaidiaje juma hili?