Mazuti Yasipotee Njiani: Vidokezo kwa Wenye Pikapu za Zamani Butembo na Beni

Mazuti yanayouzwa Butembo na Beni yamesafiri kuliko wengi wetu. Sehemu kubwa hushushwa melini Mombasa, hupita kwenye bomba hadi Kisumu au Eldoret, kisha magari ya tangi huyavusha Uganda mpaka Kasindi. Ushuru wa mpakani na barriera za njiani vimeshaingia ndani ya bei kabla lita haijakufikia. Pikapu inayokunywa kupita kiasi basi humaliza faida ya mwenyewe hata siku aliyopakia vizuri.

Jambo la kutia moyo ni kwamba magari tuliyo nayo yanatengenezeka. Hilux za injini 2L, 3L na 5L, na Land Cruiser za 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2 iliyoanza kutoka mwaka 1990, hazitawaliwi na kompyuta. Upotevu wake mwingi utaukuta kwa macho na mikono. Vidokezo hivi vinaanza na visivyo na gharama na kuishia kwa fundi wa pampu. Nakusihi ufuate mpangilio huo, kwa sababu wengi wetu tunaanzia mwisho.

1. Pima kabla ya kulalamika. Jaza tangi mpaka shingoni, fanya safari, kisha jaza tena kwenye pampu ileile, gari likiwa limesimama palepale. Lita ulizoongeza ndizo zilizoliwa. Mita ya kilomita imekufa? Tumia barabara yenyewe: Butembo hadi Beni ni kilomita 54, kwenda na kurudi 108. Ikiwa umeongeza lita 15, gawa kwa 108, zidisha kwa 100, utapata karibu lita 14 kwa kilomita 100. Usipime upande mmoja tu. Butembo iko juu ya Beni kwa zaidi ya mita 500, kwa hiyo wakati wa kushuka gari litakusifia na wakati wa kupanda litakusingizia. Andika tarehe, lita na uzito wa mzigo kwenye daftari linalokaa garini.

2. Tazama vitovu vya magurudumu ya mbele. Pikapu nyingi za 4x4 za zamani zina kifungo cha kuzungusha kwa mkono, chenye alama za FREE na LOCK. Mvua ikinyesha kila shoferi huweka LOCK ili atoke kwenye tope. Mvua hukatika, njia hukauka, na kifungo hubaki vilevile kwa miezi. Muda wote huo magurudumu ya mbele yanazungusha ekseli na difu bila kazi yoyote, na mazuti ndiyo yanayolipa. Rudisha FREE, pande zote mbili.

3. Mipira ijazwe asubuhi, ikiwa baridi. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila psi 1 inayopungua, kwa wastani wa mipira yote, hupoteza takriban asilimia 0.2 ya mafuta. Ni kidogo, lakini mtu aliyetoa psi 15 ili avuke tope la Lubero na asijaze tena anapoteza asilimia 3 kila siku mpaka atakapokumbuka, na mipira yake inalika pembeni.

4. Inua gurudumu moja moja kwa jeki, mengine yakiwa yamezuiwa kwa magogo, ulizungushe kwa mkono. Likigoma, breki inashika au beringi inakufa. Kazi ya nusu saa.

5. Yajue mazuti unayonunua. Kituo chenye pampu kwanza. Ukilazimika kununua kwa makadhafi, wale wauza mafuta kwa bidoni kando ya njia, acha bidoni itulie usiku kucha, mimina polepole, na kile kilichobaki chini usikitie tangini, kwa kuwa maji na uchafu vimekaa hapo. Chini ya filtri ya mazuti kuna kiskurubu cha kutolea maji. Kifungue kila wiki mpaka yatoke mazuti matupu. Tena nusa. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, kila lita ina nguvu pungufu na pampu hukosa ulainishaji wake. Udanganyifu huu ulienea Kenya hata mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili wachanganyaji wasipate faida. Kwetu ulinzi ni pua yako na kituo unachokiamini.

6. Filtri ya hewa: ipulize kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Kuigonga kwenye mpira wa gari huikunja, na vumbi la kiangazi hupata njia ya kuingia kwenye silinda. Ikishachoka, nunua nyingine.

7. Rudisha themostati. Katika garaji nyingi, gari likichemka mara moja, dawa ya kwanza ni kuitoa na kuitupa. Gari linaacha kuchemka, mwenyewe anashukuru, na tangu siku hiyo injini haipati joto lake. Dizeli hutaka maji yake yawe karibu nyuzi 80. Asubuhi za Butembo zina baridi, na injini isiyo na themostati inaweza kushuka mpaka Beni bado ikiwa vuguvugu: mazuti hayaungui vyema, oili inabaki nzito, silinda zinalika. Kama gari lilichemka, tatizo liko kwenye rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji au gasketi. Hapo ndipo fedha yako iende.

8. Kwenye mteremko, usitoe vitesi. Najua wengi wanaamini kwamba gari likiachiwa huru linashuka bure. Si kweli. Bila vitesi, injini inahitaji mazuti ili isizimike. Ukiiacha ndani ya vitesi na kutoa mguu kwenye pedali, magurudumu ndiyo yanaizungusha, na pampu hukata mazuti yenyewe. Kuzima injini kabisa ni kucheza na roho za watu: kwenye Hilux na Land Cruiser hizi, pampu inayosaidia breki huzungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo injini ikilala, baada ya kukanyaga mara chache pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Chagua vitesi kabla mteremko haujaanza.

9. Lami isikuvute. Barabara ya Kasindi–Beni, kilomita 80 hivi, pamoja na Beni–Butembo, zimo katika mradi wa Kongo na Uganda uliozinduliwa Mpondwe mnamo Juni 2021. Tumeisubiri lami hii kwa miaka mingi, na ni haki yetu kuifurahia. Ila pikapu yenye mzigo mrefu na turubai linalopepea, ikienda kilomita 100 kwa saa, inasukumana na upepo kwa nguvu inayozidi ile ya kilomita 80 kwa zaidi ya nusu. Funga turubai likaze, kaa kwenye 70 au 80.

10. Zima injini unaposubiri. Foleni ya forodha Kasindi inaweza kula saa nzima, na injini inayonguruma bila kutembea humaliza zaidi ya nusu lita kwa saa. Wasiozima mara nyingi wanaogopa kwamba gari halitawaka tena. Basi ponya betri, na plagi za kupasha joto zilizokufa zibadilishwe. Bei yake itarudi. Mahali ambapo askari wanalinda msafara, fuata amri yao na uwe tayari kuondoka. Usalama wa abiria hauhesabiwi kwa lita.

11. Usirudi mtupu. Kupandisha tani moja ya mzigo kutoka Beni hadi Butembo hugharimu, kwa ule mpando peke yake, karibu nusu lita ya ziada. Kupandisha gari lenyewe hugharimu zaidi ya hapo, lina mzigo au halina. Aliyeshuka na viazi na maharagwe ya Lubero akarudi na mbao au mawese amegawa mazuti yaleyale kwa kazi mbili. Panga na wanunuzi kabla ya kuondoka. Kuzidisha mzigo ni jambo jingine: springi zikikunjika na mipira ikibonyea, faida inatoka upande wa pili.

12. Pampu iwe ya mwisho. Butembo iko kwenye mita 1,700 na zaidi, na hewa huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita. Injini isiyo na turbo huvuta hewa hiyohiyo, basi nguvu hupungua. Shoferi huona gari limechoka, humwendea fundi, na fundi huzungusha skurubu ya pampu ili mazuti yaongezeke. Kwa siku chache gari linaonekana limepona. Kisha moshi mweusi. Moshi huo ni mazuti uliyoyalipia ambayo hayakupata hewa ya kuungua, na joto la ziada linapasua kichwa cha silinda. Mwinuko unataka kinyume chake: kama yote yaliyotangulia yamefanyika na bado unatoa moshi mweusi ukipanda, mwombe fundi apunguze mazuti kidogo, na apime nozo kwenye mashine ya majaribio, kwa kuwa nozo inayodondosha badala ya kunyunyiza hutoa moshi uleule. Moshi wa buluu ni oili, na pampu haina kosa hapo. Moshi mweupe unaoendelea injini ikiwa imeshapata moto huashiria muda wa kupiga mazuti umehama, au kompresheni imeisha.

Kabla fundi hajagusa skurubu, simama naye, hesabu nyuzi za skurubu zinazoonekana nje ya nati na uweke alama ya rangi. Azungushe robo ya mzunguko tu, kisha mpande wote wawili mlima mmoja na mzigo.