“Moto Haina Tena Nguvu”: Neno Moja, Matengenezo Matatu

Makala haya yanachunguza neno nguvu katika mazungumzo ya gereji za pikipiki mjini Kasongo. Hoja yake ni moja: mwenye pikipiki anaposema “moto haina tena nguvu”, sentensi hiyo inaweza kuwa na maana tatu, na kila maana ina matengenezo yake na bei yake. Kufunga motere kubwa zaidi ni jibu la maana moja tu. Asiyezitenganisha anaweza kulipa bei ya motere kwa tatizo ambalo lingeondolewa na kipande kidogo cha chuma.

Msamiati wa gereji

Kiswahili kilifika Kasongo na misafara ya kutoka pwani. Katika miaka ya 1870 Tippu Tip aliufanya mji huu makao yake. Vitenzi vya gereji vinatokana na tabaka hilo la zamani: kufunga, kufungua, kukaza, kulegeza, kuvuta. Majina mengi ya vifaa yalikuja baadaye kupitia Kifaransa: motere, buji, ambreyaji, vitesi. Dar es Salaam wangesema injini, plagi, klachi na gia. Hata hivyo, iwe motere au injini, pande zote mbili “inafungwa” na “kufunguliwa”.

Jina moto, lililotoka Kifaransa kwa maana ya pikipiki, limegongana na moto wa kuni. Mkanganyiko hautokei, kwa sababu upatanisho wa kisarufi unayatenganisha: moto umewaka ni wa jikoni, moto imewaka ni pikipiki. Neno nguvu halina msaada huo. Ngeli ni ileile kwa maana zote, kwa hiyo fundi hutegemea kitenzi kinachofuata. Ndiyo maana swali lake la kwanza ni: “Inafanya nini?”

Maana ya kwanza: haivuti kama zamani

Hapa neno la kuzingatia ni zamani. Nguvu ilikuwapo, imepotea. Motere haijawa ndogo. Kuna kitu kilichochoka au kilichoziba. Fundi huanza na vitu vya bei nafuu: chujio la hewa lililojaa vumbi, buji iliyochakaa, nafasi za vali zilizobadilika, mnyororo uliokauka, breki inayokwaruza gurudumu. Kisha huja ambreyaji. Ukiongeza mafuta motere ikanguruma lakini pikipiki isiongeze mwendo, ambreyaji inateleza. Mwisho hupimwa mgandamizo ndani ya silinda. Ukiwa chini, ringi za pistoni au vali hazizuii tena gesi. Hata hapo, kuchonga silinda na kuweka pistoni mpya huwa nafuu kuliko kununua motere nzima.

Maana ya pili: haipandi

Mwenye pikipiki anayebeba magunia ya mchele au madumu ya mawese kuelekea Kabambare analalamika kwamba kwenye mlima uzito unamshinda, ingawa mahali tambarare bila mzigo haoni shida. Motere yake ni nzima. Anachotaka ni mvuto kwenye gurudumu, na mvuto huo hutegemea pia meno ya gia za mnyororo. Tuseme gia ya mbele ina meno 15. Akiweka ya meno 14, mvuto kwenye gurudumu huongezeka kwa takriban asilimia 7. Gharama yake ni kwamba, kwa mizunguko ileile ya motere, mwendo hupungua kwa takriban kiasi hichohicho. Kwa njia ya udongo na matope, hasara hiyo ni ndogo sana.

Maana ya tatu: haitoshi

Hapa pikipiki ni nzima na gia zimepangwa vizuri, ila haipandi vya kutosha wala haikimbii vya kutosha. Gia haziwezi kutoa vyote viwili, kwa kuwa zinachoongeza upande mmoja zinakipunguza upande mwingine. Hapo ndipo kubadilisha motere kunapokuwa na maana.

Mfano mzuri ni ukoo wa CG. Honda ilitoa CG125 mwaka 1976, motere rahisi ambayo vali zake husukumwa na fimbo, na viwanda vingi vya China vikaiiga. Silinda ya 125 ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, yaani sentimita za ujazo 124. Ile ya 150 huwa na kipenyo cha milimita 62 na mwendo uleule, yaani 149. Ujazo umeongezeka kwa asilimia 20. Lakini mtu asitegemee kasi kuongezeka kwa asilimia 20. Nguvu inayohitajika kushinda upepo hukua kwa mchemraba wa kasi, kwa hiyo nguvu ikizidi kwa asilimia 20, kasi ya juu huzidi kwa kama asilimia 6 tu. Faida kubwa itaonekana kwenye mzigo na mlima.

Kabla ya kulipa, apime mashimo ya kufungia motere, mstari wa mnyororo, nyaya za umeme na kabureta. Kama motere imeshatumika, aisikilize ikiwaka ikiwa baridi, apime mgandamizo, na asiamini namba iliyobandikwa ubavuni kabla ya kupima silinda. Namba ya motere ailinganishe na karatasi za muuzaji. Breki nazo zikaguliwe, kwa kuwa zitasimamisha mzigo mzito zaidi.

Funzo kwa wanafunzi wa lugha

Kifaransa cha shuleni kina maneno mawili, couple kwa nguvu ya kuzungusha na puissance kwa kiasi cha kazi kwa muda. Gereji haikuazima hata moja. Tusiharakishe kusema kwamba lugha ya fundi ina pengo: tofauti ambayo Kifaransa kinaiweka kwenye nomino, fundi anaiweka kwenye vitenzi kuvuta, kupanda, kukimbia na kutosha. Mwanaistilahi anayekusanya nomino peke yake ataandika nguvu mara moja katika orodha yake na kudhani amemaliza. Akiandika na kitenzi kilichoambatana nayo, atapata maana tatu. Na mteja akitamka kitenzi hicho mapema, fundi atajua kama kazi ni ya chujio, ya gia au ya motere.