Kwa Nini Mlima Hulipuka? Somo la Menengai na Longonot

Asubuhi yenye baridi, anayesimama ukingoni mwa Kreta ya Menengai huona mawingu madogo meupe yakipanda kutoka ardhini. Watoto wengi huuliza: huo ni moshi? Nani amewasha moto huko chini? Na je, mlima huu utalipuka wakiwa shuleni? Maswali hayo yana majibu, na mzazi au mwalimu anaweza kuwasomea watoto somo hili kwa sauti.

Kwanza, huo si moshi. Ni mvuke, kama ule wa sufuria ya chai. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye nyufa hadi yakafikia mawe yenye joto kali, yakachemka na kurudi juu. Hakuna kuni wala moto unaowaka. Kuna joto tu, tena jingi sana.

Ardhi ambayo watoto huchezea mpira ni ganda, kama ganda la yai. Chini yake mawe yana joto kali hata mahali pengine yanayeyuka. Mawe yaliyoyeyuka yakiwa bado chini ya ardhi huitwa magma. Yakitoka nje huitwa lava. Maji ya chai huchemka yakifikia nyuzi 100 hivi. Lava inaweza kupita nyuzi 1,000.

Kwa nini milima ya namna hii iko mingi huku kwetu Nakuru? Ni kwa sababu kaunti hii imekaa ndani ya Bonde la Ufa. Chukua donge la unga wa chapati ulivute kwa mikono miwili: katikati hupungua unene, kisha hupasuka. Ganda la dunia hapa linavutwa vivyo hivyo, polepole kuliko kucha zinavyoota, na magma hupata upenyo. Ndiyo maana volkano zimejipanga bondeni kama shanga kwenye uzi: Suswa, Longonot, Olkaria, Eburru, Menengai, na kuendelea kaskazini hadi Paka na Silali kule Baringo.

Lakini kupata njia si kulipuka. Kinacholipua ni gesi. Chupa ya soda ikiwa imefungwa huoni mapovu mengi, kwa sababu gesi imebanwa ndani ya kinywaji. Itikise, ufungue kifuniko: soda inaruka hadi kwenye shati. Magma nayo ina gesi ndani yake. Inapopanda karibu na juu, mbano hupungua, mapovu hufura na kuisukuma itoke.

Hapo ndipo volkano hutofautiana, na jikoni ni mahali pazuri pa kuelewa jambo hili. Uji mwepesi ukichemka, mapovu hutoka bila shida na uji humwagika pembeni. Ugali mzito ni mambo mengine: mvuke hunaswa chini, kisha ghafla pu! na kipande cha moto kinamrukia mpishi mkononi. Mlima Nyiragongo, karibu na mji wa Goma nchini Kongo, una lava nyepesi kama uji. Januari 2002 iliteremka hadi mjini ikachoma nyumba nyingi, na Mei 2021 ikashuka tena. Magma ya Menengai ni ya aina ya ugali.

Maelfu ya miaka iliyopita, magma hiyo nzito ililipuka kwa nguvu ikarusha majivu na mawe mbali sana. Chumba cha magma kilichokuwa chini kikabaki kitupu, na kilele cha mlima kikakosa cha kukishikilia. Kikaporomoka ndani, kama andazi lenye uwazi linapobonyezwa kwa kidole gumba. Shimo lililobaki ndilo kreta inayoonekana leo, lenye upana wa kilomita 12 hivi. Anayelitazama anatazama mlima uliojimeza.

Je, italipuka tena? Wataalamu husema Menengai na Longonot zimelala, hazijafa. Longonot inakadiriwa kuwa ilitoa lava mara ya mwisho katika miaka ya 1860. Kwa kawaida mlima hutoa dalili kabla ya kuamka: ardhi hutetemeka, huvimba, gesi huongezeka. Mwaka 2007 matetemeko ya karibu na Ol Doinyo Lengai, Tanzania, yaliwatoa watu kwenye majengo ya Nairobi mwezi Julai. Mlima wenyewe ukaanza kulipuka kwa nguvu mwezi Septemba. Mitambo ya kupima mitetemeko husaidia kutambua dalili ambazo mguu wa binadamu hauzihisi.

Kwa hiyo mtoto wa Nakuru hana haja ya kulala akiogopa lava. Mvuke ndio wa kuogopwa, kwani uko leo. Ardhi iliyo karibu na matundu yake inaweza kuwa ganda jembamba juu ya tope linalochemka. Usikanyage, usichungulie, usiingize mkono, na usishuke kwenye mashimo au mapango ya huko, maana gesi nzito isiyoonekana hutuama mabondeni. Watu wa Goma huiita mazuku, na imewahi kuua watoto na mifugo. Mtu akiungua, mwagilia sehemu hiyo maji baridi ya bomba kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Mvuke huohuo una kazi. Olkaria unazungusha mitambo ya umeme tangu 1981. Eburru, ambako maji ni ya shida, wakazi huupitisha kwenye mabomba hadi upoe, wakakinga maji ya kunywa.

Jaribio la nyumbani: mtoto anayeishi karibu na Longonot atafute jiwe jepesi la kijivu lenye matundu mengi, alitie kwenye beseni la maji. Mengi ya mawe hayo huelea. Matundu yale ni mapovu ya gesi yaliyogandishwa siku mlima ulipolipuka.