Hesabu ya Damu Inayodanganya

Labda siku moja utapimwa damu, nawe utaambiwa: "Visahani vya damu yako vimepungua sana." Usitetemeke kwanza. Visahani, ambavyo wengine huviita chembe sahani, ni vipande vidogo mno vinavyoziba mahali palipokatika ili damu isimwagike. Mtu mzima mwenye afya anavyo 150,000 mpaka 450,000 hivi katika kila mikrolita ya damu. Akiwa navyo 20,000 tu, daktari huogopa kumpasua, naye hakosei.

Lakini sikiliza. Damu iliyotolewa mkononi hutiwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Ndani yake mna dawa iitwayo EDTA, inayozuia damu isigande. Kwa watu wachache, yapata mmoja katika elfu, dawa hiyo hufanya visahani vishikamane, kama unga wa muhogo uliotiwa majini ovyo ukafanya madonge. Mashine ikikutana na donge haivihesabu visahani vilivyomo. Hudhani ni chembe ya namna nyingine. Basi vimepungua katika kichupa, wala si mwilini. Tena kichupa kikikaa sana mezani, hesabu huzidi kushuka.

Tuseme mama anangoja kupasuliwa uvimbe. Fizi zake hazitoki damu, ngozi haina madoa, naye alizaa bila kuvuja kupita kiasi. Mashine yasema 18,000. Je, arudishwe nyumbani na uvimbe wake? Au aongezwe visahani vya mtu mwingine bure? Hasha! Mpimaji apake tone la damu kwenye kioo, alitazame kwa mikroskopi, hasa pembeni, ambako madonge hukusanyika. Kisha damu itolewe tena, itiwe katika kichupa cha kifuniko cha buluu chenye sitrati, ihesabiwe upesi. Sitrati ni maji, huizimua damu kidogo. Kwa hiyo hesabu huzidishwa kwa 1.1.

Sisi wauguzi nasi tuna kosa letu. Tukihangaika na sindano, au tukisahau kukipindua kichupa polepole mara kadhaa, damu huanza kuganda, na hesabu huharibika vilevile.

Lakini usiseme, "Mashine imekosea," ukaenda zako. Malaria hupunguza visahani kwa kweli. Ukitokwa damu puani au kwenye fizi, au ukiona choo cheusi kama lami, rudi hospitalini siku ileile.

Na ikiwa imethibitishwa kwamba damu yako hushikamana katika EDTA, omba iandikwe katika kitabu chako cha matibabu, ukionyeshe kila utakakopimwa.