Mota Iliyokataa Kuwaka

Mto Lualaba haupiti katikati ya mji wa Kasongo. Mtu anayetoka mjini hushuka upande wa magharibi mpaka ukingoni, na hapo huona mto mpana, wenye maji ya rangi ya udongo, unaokwenda kaskazini. Mitumbwi mingi ingali ikisukumwa kwa kasia na kwa upondo, lakini mingine imefungwa mota nyuma. Mota za namna hiyo zilienea duniani baada ya mwaka 1909, wakati Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwei, alipoanza kuziuza huko Marekani. Mota ikiwaka, safari ndefu huwa fupi. Isipowaka, mtumbwi wenye mzigo ni gogo tu, nao mto huuchukua unakotaka.

Asubuhi moja ya majira ya mvua, Sista mwuguzi aliteremka mtoni na kisanduku cha barafu. Ndani yake mlikuwa na chanjo ya surua kwa watoto wa vijiji vya ng'ambo. Chanjo hiyo yapasa ikae katika ubaridi wa digrii 2 mpaka 8. Barafu ikiisha, dawa hupoteza nguvu, na mtu akiitazama kwa macho tu hawezi kujua kwamba imeharibika. Nayo surua si ugonjwa wa mchezo: ilipoenea nchini Kongo mwaka 2019, iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo.

Kijana mwenye mtumbwi akavuta kamba. Mota ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Akavuta tena mara kumi, mara ishirini, mpaka jasho likamtoka. Kisha akatwaa bisibisi akaanza kufungua kabirateri palepale juu ya maji. Skrubu moja ndogo ikamponyoka, ikaanguka ndani ya mtumbwi, na robo saa ikapotea katika kuitafuta. Ni bahati kwamba haikuanguka mtoni.

Mzee mmoja fundi, aliyekuwa akiziba mtumbwi wake karibu, akasema, "Mwanangu, irudishe skrubu hiyo mahali pake. Je, umeiuliza mota inaumwa nini?"

"Haisemi kitu, Baba. Nitaiulizaje?"

"Toa buji. Buji ni shahidi wa mambo ya ndani."

Hapa yafaa kujua kazi ya mota. Ndani ya silinda, mvuke wa esanse uliochanganyika na hewa husongwa na pistoni. Buji hutoa cheche ya umeme, mvuke huwaka ghafula na kuisukuma pistoni, na nguvu hiyo huzungusha mabawa ya chuma yaliyo chini ya maji. Basi mota inataka esanse, hewa, kusongwa na cheche. Kimoja kikikosa, haiwaki. Fundi mwenye akili hafungui kila kitu. Hutafuta ni kipi kinachokosa, naye huanza na kilicho rahisi.

"Kamba nyekundu ya kuzimia iko mahali pake?"

"Iko, Baba."

"Na kile kitundu cha hewa katika kifuniko cha tangi, umekifungua?"

"Nimekifungua."

Kitundu hicho ni kidogo kama punje ya mtama, lakini esanse ikitoka katika tangi, lazima hewa iingie mahali pake. Kikifungwa, mota huwaka kidogo kisha huzimika. Wako watu waliofungua mota nzima kwa sababu ya kitundu hicho tu!

Ndipo kijana akatoa buji. Ingalitoka kavu, wangalijua kwamba esanse haifiki, nao wangalitafuta kosa katika mpira na katika chujio. Lakini ilitoka imelowa.

"Esanse inafika," akasema kijana. "Basi ni cheche inayokosa. Nitanunua buji mpya."

"Ngoja. Iguse, kisha uinuse."

Esanse ikipakwa kidoleni hukauka upesi na harufu yake ni kali. Matone yale hayakukauka, wala hayakunuka sana. Yalikuwa maji.

Mzee akamwambia mtu mmoja mwenye sigara aende mbali. Kisha akachota esanse ya chini ya tangi, akaitia katika chupa nyeupe ya kioo na kuiacha itulie. Mara mstari ukaonekana: juu esanse yenye rangi, chini maji, kadiri ya vidole viwili. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na lita ya esanse karibu robo tatu ya kilo tu. Kwa hiyo maji hukaa chini, kama vile mawese yanavyoelea juu ya maji sufuriani. Nao mpira wa mota hunyonya toka chini ya tangi. Mota ilikuwa ikinywa maji kwanza!

Yalitoka wapi? Esanse ya Kasongo husafiri mbali kwa barabara, ndani ya mapipa na bidoni. Ile ya kijana ilikuwa imeletwa kwa pikipiki kwa njia ya Kabambare, katika mvua, na kifuniko cha bidoni kilikuwa kimelegea. Hata pasipo mvua, bidoni iliyojaa nusu hupata maji: hewa iliyo ndani hupoa usiku, na unyevu wake hugeuka matone ubavuni kama umande.

Wakamimina esanse ya juu polepole katika bidoni kavu, wakaacha ya chini. Wakamwaga maji yaliyobaki katika bakuli la kabirateri. Mzee akaondoa kamba nyekundu, cheche isitoke karibu na esanse, akavuta kamba ya kuwashia mara tano pasipo buji, na maji yakaruka toka silindani. Wakapangusa buji, wakarudisha kila kitu. Kijana akavuta. Akavuta tena. Mara ya tatu mota ikatoa moshi mweupe, ikakohoa, ikanguruma.

Wakati huo wote Sista hakukifungua kisanduku, maana kila kikifunguliwa ubaridi hutoka. Walipofika ng'ambo alikifungua. Kipande cha barafu kilichobaki kilikuwa kama ngumi ya mtoto, na kipimo kilionyesha digrii 7. Akina mama walikuwa wamekwisha kupanga mstari chini ya mwembe.

Maswali
1. Kwa nini kijana alidhani kwamba cheche ndiyo inayokosa?
2. Tia maji na mawese katika chupa, itikise, kisha ngojea. Umeona nini?
3. Mota inawaka, kisha inazimika baada ya dakika chache. Utatazama nini kwanza?