Dereva Anayekatika Pumzi Usingizini: Namna ya Kulala

Mwongozo huu ni wa madereva wa malori na utingo wao wanaolala Kikorongo, pale barabara ya Bwera na Mpondwe inapoachana na ile ya Kasese kwenda Katunguru.

Ukilala chali, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma kwa uzito wake na kubana koo. Kwa mwenye maradhi ya kukatika pumzi usingizini, koo huziba kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena, na kila mara ubongo humgutusha avute hewa bila yeye kukumbuka. Huamka mdomo mkavu, kichwa kizito, kisha husinzia kwenye usukani. Anayejua wa kwanza ni utingo, anayesikia mkoromo ukinyamaza ghafla halafu ukarudi kwa kishindo. Utingo, mwambie dereva wako. Kumwambia si kumvunjia heshima.

Zaidi ya nusu ya wagonjwa hawa huzidiwa wanapolala chali. Kwa hiyo lala kwa ubavu. Shona mfuko mgongoni mwa fulana, utie mpira mdogo mgumu utakaokuzuia kugeuka. Kwenye kitanda chembamba cha kabini, blanketi lililokunjwa na kusukumwa nyuma ya mgongo linatosha. Huna kitanda? Kiti usikilaze kabisa, maana huko ni kulala chali tu. Kiache kimeinuka na uegemeze shingo, kidevu kisianguke kifuani. Waragi na vidonge vya usingizi hulegeza misuli ya koo. Viache usiku, hata ukiwa umelala ubavu.

Ubavu hauwatoshi wote, hasa walioathirika sana. Anzia Hospitali ya Bwera, au Kagando kule Kisinga: upimwe shinikizo la damu, ueleze unavyolala, uombe rufaa ya kupimwa usingizi. Hapa pana jambo ambalo wengi hawaulizi: je, kipimo kilirekodi mlalo wako? Aliyepimwa akiwa ubavuni usiku kucha anaweza kupewa majibu mepesi kuliko hali yake ya kila siku.

Tiba kuu ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo libaki wazi. Colin Sullivan na wenzake waliieleza mwaka 1981 huko Australia. Mgonjwa akilala chali, mara nyingi mashine huhitaji nguvu zaidi ya hewa kuliko akiwa ubavuni. Hata hivyo usipunguze nguvu ya hewa wala kuiacha mashine kwa sababu umeanza kulala ubavu. Hilo aamue daktari baada ya kukupima upya.

Kwa wenye malori: saa za dereva kulala si hasara. Barabara ya Katunguru inapita ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako wanyama huvuka usiku. Dereva akisema macho yanafumba, mruhusuni aegeshe Kikorongo, mzigo ufike kesho.