Mfuko wa bunga nao ni chombo cha usalama

Somo kwa mfanyakazi na jamaa yake

Wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba,

Katika ukurasa huu tunazungumza mara nyingi juu ya kofia, viatu, miwani na mkanda. Leo tunaacha mgodi kidogo, tunaingia jikoni. Mtauliza: jiko na usalama wa kazi vinakutana wapi? Sikilizeni kwanza mazungumzo haya. Yanasikika katika nyumba nyingi za Kolwezi, toka Luilu mpaka Kapata, karibu na mwisho wa mwezi.

— Baba, bunga imebaki ya siku mbili tu.
— Lakini mama, mshahara bado siku saba!
— Basi niende kukopa tena dukani?
— Nenda. Tutafanya namna gani?

Siku nne zinapita. Baba anaamka saa kumi ya usiku, anakunywa chai tupu, anapanda basi ya kazi. Kufika saa tano ya asubuhi kichwa kinazunguka, mikono inatetemeka, macho yanachelewa kuona alama ya mwenzake. Ajali ikitokea, watu watatafuta sababu kwenye mashine. Lakini sababu ilianza nyumbani, siku bunga ilipokwisha.

I. Posho ya zamani na mshahara wa leo

Wazee wetu wanakumbuka posho. Wakati wa Union Minière, na nyuma yake Gécamines iliyoanza mwaka 1967, mfanyakazi alipata bunga kwa kampuni. Mama wa nyumba hakuhesabu sana, kwa sababu mfuko ulikuja wenyewe.

Kisha siku zikabadilika. Mwezi wa tisa mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka. Miaka iliyofuata kazi ya shaba ikaanguka, na mishahara ikachelewa miezi mingi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Jamaa nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zilishika jembe ili zipate kuishi.

Tunakumbusha mambo hayo kwa ajili ya fundisho moja: mfuko ulioletwa na mtu mwingine unaweza kusimama siku yoyote. Nyumba inayojua kuhesabu, kutunza na kulima haianguki upesi.

II. Hesabu kabla ya kwenda sokoni

Chukueni kalamu, baba na mama pamoja. Tuseme nyumba ina watu sita, nao wanakula kilo 2 za bunga kwa siku. Ninyi wekeni hesabu ya nyumba yenu.

Siku 30 mara kilo 2 ni kilo 60.
Mfuko mmoja wa kilo 25 unatosha siku 12 na nusu.
Mifuko miwili inatosha siku 25.
Zinabaki siku 5, ni kusema kilo 10.

Siku hizo 5 ndizo mlango wa deni. Mama ananunua kwa meka, kidogo kidogo, kwa bei ya juu. Franka zikiisha, anakopa. Mtu akikopa franka 50 000 kwa yule anayedai nusu juu yake, atarudisha 75 000. Mwezi unaofuata mshahara unaingia umekwisha kupungua, na siku 5 za njaa zinakuwa 8.

Dawa ni hii: siku ya mshahara, kabla ya jambo lingine lolote, nunueni mifuko mitatu. Hiyo ni kilo 75. Nyumba inakula 60, zinabaki 15. Baada ya miezi minne akiba ni kilo 60, chakula cha mwezi mzima. Siku hiyo hata mshahara ukichelewa, baba atakwenda kazini ameshiba.

Franka za mfuko wa tatu zitatoka wapi? Wengine wamezipata kwa likelemba, kila mwezi mmoja wa kikundi anapokea fedha ya wote. Wengine wamezipata kwa kupunguza chupa za siku ya mshahara. Kila nyumba inajua mahali fedha yake inapopotelea. Msemeshane bila ugomvi.

III. Nunua kwa akili

Kwanza, jua majira. Katika inchi yetu mahindi yanapandwa mvua ikikolea, na kuvunwa karibu na mwezi wa nne na wa tano. Wakati huo punje zinapatikana kwa wingi. Kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa tatu zinapungua, na bei inapanda. Anayenunua punje wakati wa mavuno na kusagisha polepole anapata faida. Tena punje zinakaa kuliko bunga. Basi akiba yenu iwe ya punje.

Pili, jua njia ya chakula. Bunga nyingi ya Kolwezi inatoka Zambia, inapita Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame mkubwa ulipiga Zambia, hata serikali yake ikatangaza msiba wa taifa. Ukame ukiwa kule, mfuko unapanda hapa. Usingoje kuuliza bei siku umekwisha kukosa.

Tatu, angalia kipimo. Meka yenye chini iliyobonyea inakuibia kila siku. Nunua mara moja, kisha pima kwa kilo, utajua muuzaji wa kurudia.

Nne, usinunue bunga peke yake. Bukari inajaza tumbo, lakini haitoshi kujenga mwili wa mtoto wala kurudisha nguvu za mchimbaji. Ipe bukari wenzake: maharagi, karanga, kapenta, lenga-lenga, sombe. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana. Mihogo michungu iloweke siku tatu au zaidi kabla ya kuanikwa, kwa maana ina sumu ndani yake.

IV. Tunza vema

Mahindi yenye maji yanaota ukungu, na ukungu mwingine unaleta sumu inayoharibu ini. Sumu hiyo haiondoki hata ukipika. Jaribu punje hivi: tia chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu, tia na punje, funga, tikisa, kisha ngoja dakika chache. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, punje hazijakauka, uzianike tena. Chumvi ikianguka chini yote, ziweke.

Mifuko ikae juu ya mbao, isiguse chini wala ukuta. Mfuko wa zamani uliwe kwanza. Punje zenye rangi ya kijani au nyeusi zitupwe.

V. Bustani ya lupango

Bustani ni kantini isiyodai franka. Lakini sisi wa inchi ya shaba tuna jambo la kuangalia ambalo wenzetu wa mahali pengine hawana: udongo na mavumbi.

Mwaka 2014 mtu aliyekuwa akichimba katika lupango yake huko Kasulo alikuta mawe ya kobalti chini ya nyumba, na mtaa ukageuka mashimo. Wataalamu wa Université ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walipima watu wa Kasulo, na mwaka 2018 wakatangaza walichoona: kobalti ilikuwa nyingi katika mkojo na damu yao kuliko ya watu wa mtaa mwingine wa karibu, na watoto ndio walikuwa nayo zaidi. Mavumbi ya ndani ya nyumba yalikuwa na kobalti pia.

Je, tuache kulima? Hapana. Tulime kwa uangalifu.

1. Usilime juu ya takataka za mgodi wala kando ya mto unaopokea maji ya kiwanda. Usinyweshe mboga kwa maji hayo.
2. Angalia mimea. Mahali ambapo miti haioti, na mmea mdogo wa shaba ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense umejaa, udongo una shaba nyingi. Mahali hapo si pa mboga.
3. Mboga za majani hukusanya madini kuliko punje na matunda. Zipande mbali na barabara ya makamioni. Panda ua wa miti kati ya bustani na barabara.
4. Tia mbolea ya majani yaliyooza na chokaa ya shamba. Vinapunguza madini yanayopanda katika mmea.
5. Osha majani katika maji safi mara mbili au tatu. Karoti na viazi uvimenye. Kuosha kunaondoa mavumbi ya juu, lakini hakuondoi yaliyokwisha kuingia ndani. Kwa hiyo mahali pa kulima ndipo pa kuchagua kwanza.

VI. Vitu vya kazi visiingie jikoni

Bidoni lililobeba asidi au dawa ya kiwanda lisiwekwe maji ya kunywa, hata ukilisugua siku tatu. Mfuko uliobeba madini au dawa usitiwe bunga. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto. Baba, nawa mikono na uso kabla ya kumbeba mtoto na kabla ya kugusa bukari. Mama, fagia kwa kitambaa chenye maji, ili mavumbi yasiruke juu ya sahani.

Maswali ya kujipima nyumbani

Nyumba yetu inakula kilo ngapi kwa siku? Bunga yetu inaisha tarehe gani? Mwezi uliopita tulilipa kiasi gani juu ya deni? Bidoni letu la maji lilibeba nini mbele?

Jibuni mbele ya watoto wakubwa, ili nao wajifunze. Kisha jumapili hii mfanye jambo moja tu kati ya hayo yote: kuhesabu mifuko, kuanika punje, au kubadili bidoni. Mwezi ujao mfanye la pili.

Mfanyakazi mwenzetu, mkeo anakungoja urudi mzima jioni. Nawe umsaidie asubuhi usitoke na njaa.